Imeili za ofisi zinadunda tangu Jumatatu, naambiwa tupo kwenye blaklisti, tunatokaje?

DadaViungo · Jumatano, saa 4:10 asubuhi

Wakuu habari zenu, naandika toka Tanga, Chumbageni. Naombeni msaada jamani, huku hali sio nzuri. Nafanya kazi kwenye ofisi ya mjomba wangu, tunanunua viungo kwa wakulima wa Amani na Muheza, iliki, mdalasini, pilipili manga, tunakausha tunafungasha tunauza nje, na mzigo mwingi unaenda Ujerumani. Ofisini tuko nane, kila mtu ana anwani yake ya domeini yetu ya .co.tz, seva tumekodi nje ya nchi na aliyeifunga ni mtoto wa mama yangu mdogo, miaka mitatu iliyopita, inatumia Postfix, programu ya kupeleka imeili, yeye sasa yuko masomoni na mchana simu hapokei.

Sasa Jumatatu asubuhi nimemtumia mteja wa Hamburg invoisi na nyaraka za mzigo, hata dakika haijaisha ikarudi. Nikatuma tena ikarudi. Nimeinakili hapa, namba ya IP, yaani anwani ya seva yetu kwenye intaneti, nimeibadilisha:

554 5.7.1 Service unavailable; Client host [203.0.113.25] blocked using zen.spamhaus.org

Wateja wenye Gmail hazirudi ila wanasema wanazikuta kwenye spamu. Huyu wa Hamburg nimemtumia nyaraka kwa WhatsApp, akashukuru, lakini watu wake wa malipo hawapokei invoisi ya WhatsApp, wanataka itoke kwenye anwani ile ile ya siku zote kwa sababu wanaogopa matapeli wanaobadilisha namba ya akaunti ya benki, na hapo siwezi kuwalaumu. Kontena linapakiwa Ijumaa.

Naomba kujua ni nani ametuweka humo na kwa kosa gani, maana sisi hatujawahi kutuma matangazo kwa mtu. Pili kuna fundi hapa mjini anataka laki tatu na nusu eti anao watu wa kutusafishia jina, mjomba anataka kumlipa leo leo. Tumlipe?

---

kijana_wa_sahare · saa 4:31

Dada badilisheni IP tu, waambie mliokodi kwao wawape nyingine, dakika kumi mmemaliza. Mimi kwa mteja mmoja nilifanya hivyo ikakubali.

---

fundi_seva · saa 5:02

Dada usimlipe huyo mtu, mwambie mjomba asubiri kwanza. Kujitoa kwenye orodha za Spamhaus, hao ndo wenye blaklisti iliyotajwa kwenye barua iliyokurudia, hakuna malipo, unajitoa mwenyewe kwenye tovuti yao, na hakuna mtu Tanga wala Dar mwenye mlango wa nyuma.

Na kijana wa Sahare nakuheshimu ila ushauri huo ni wa kuhama nyumba na godoro lenye kunguni. Kama kuna kitu ndani ya seva kinatuma spamu basi IP mpya nayo itaingia kwenye orodha siku mbili tatu tu, afu IP mpya haina historia yoyote kwa hiyo Gmail na wenzake wanaiangalia kwa wasiwasi zaidi kuliko ya zamani. Huyo mteja wako ilikubali labda kwa sababu tatizo lake lilikuwa jirani kwenye hosti ya pamoja, yaani seva moja wateja wengi.

Dada ngoja nikueleze inavyofanya kazi maana ukiielewa hutatapeliwa tena. Seva yenu inapogonga mlango wa seva ya Hamburg, ile ya Hamburg kabla haijapokea chochote inaichukua IP yenu inaigeuza nyuma mbele, yaani 203.0.113.25 inakuwa 25.113.0.203, inabandika zen.spamhaus.org mwishoni, na kuuliza DNS, ile huduma ya kutafuta namba za IP kwa majina, kama vile inatafuta tovuti. Ikijibiwa hakuna jina kama hilo, nyie ni wasafi, endelea. Ikipata jibu la 127.0.0 kitu fulani, mpo kwenye orodha, na ile namba ya mwisho ndo inasema mpo kwenye orodha gani, kwa sababu zen ni orodha kadhaa zimewekwa kapu moja. 2 ni SBL, hiyo ina mkono wa mtu, wamekukagua. 3 ni CSS, mtambo umeona tabia ya kutuma spamu. 4 ni XBL, kuna mashine imeingiliwa na virusi au inatumiwa na wahuni. 10 na 11 ni PBL na hiyo wala sio kosa, ntakueleza ikifika.

Kwa hiyo swali lako la kosa gani jibu lake ni namba moja tu. Ingia kwenye seva andika hivi utuletee jibu, weka IP yenu ya kweli:

dig +short 25.113.0.203.zen.spamhaus.org

Halafu andika pia: mailq | tail -1

Usiombe kutolewa bado. Tafuta tundu kwanza.

---

Mzee wa Barabara ya Nane · saa 5:20

Wanangu nimesoma hapa, mimi nilifanya kazi posta miaka mingi kabla sijastaafu, sasa nakaa Ngamiani. Nataka kuuliza, hao watu wa hiyo orodha wamepewa na nani mamlaka ya kuzuia barua ya mtu? Kwetu sisi barua ikishabandikwa stempu ilikuwa lazima ifike, aliyeizuia alishtakiwa.

---

fundi_seva · saa 5:44

Shikamoo mzee. Swali lako ndo penyewe. Hawazuii barua mzee, barua haipiti hata kwao. Wao wanatunza orodha tu, anayefunga mlango ni mwenye seva ya Hamburg ambaye kwa hiari yake ameamua kuisikiliza orodha hiyo, kama mwenye nyumba aliyemwambia mlinzi wa getini akimwona mgeni asiyemjua apige simu mahali kuuliza kabla ya kumfungulia. Mlango ni wake, akitaka kukufungulia hata ukiwa kwenye orodha kumi anafungua, ndo maana huwa nawaambia watu kama una njia nyingine ya kuongea na fundi wa upande wa pili, ongea naye, anaweza kukupitisha kwa muda.

Na tofauti na posta ni hiyo stempu mzee. Barua yako alilipa anayetuma. Imeili za spamu anayezilipia ni anayepokea, diski yake, intaneti yake, muda wa watu wake. Ndo maana wapokeaji walianza kujikinga, orodha ya kwanza ya namna hii kwenye DNS ni ya 1997, ya Paul Vixie na wenzake kule Marekani, iliitwa MAPS, lisome kwa nyuma utaona spam. Mwaka uliofuata Steve Linford akaanzisha Spamhaus London. Na wahuni wanaichukia haswa, Machi 2013 waliishambulia kwa mafuriko ya data yaliyofikia kama gigabiti 300 kwa sekunde, kwa wakati ule lilikuwa moja ya mashambulizi makubwa kuwahi kuonekana.

---

DadaViungo · saa 6:15 mchana

Asante sana kaka, na mzee wetu shikamoo. Nimefanya. La kwanza limenipa 127.255.255.254 ambalo hujalitaja. La pili limenipa hivi:

-- 61482 Kbytes in 11937 Requests.

Hiyo 11937 ni nini? Maana sisi kwa siku hatutumi hata imeili hamsini.

---

fundi_seva · saa 6:22

Dada hizo ni barua 11,937 zimepanga foleni kwenye seva yenu SASA HIVI zinasubiri kutoka. Andika hii haraka kabla ya kitu chochote:

postsuper -h ALL

Hiyo inazishikilia zote, haifuti, zile zenu halali zitakuwa humo humo tutazitoa baadaye. Afu zima postfix kabisa ili zisiingie nyingine: postfix stop

Lile jibu la 254 sio listi. Seva yenu inauliza DNS kupitia 8.8.8.8 na Spamhaus hawajibu maswali yanayopitia kwenye DNS za umma kama hiyo. Wapo mafundi wanakosea hapa, seva zao zinaona jibu lolote linaloanza na 127 zinasema spamu, basi wanakataa barua za dunia nzima. Wewe nenda check.spamhaus.org kwa brauza uweke IP uone imeandikwa orodha ipi.

---

DadaViungo · saa 6:40

Nimeshikilia na nimezima. Kwenye tovuti imeandikwa CSS. Kwa hiyo ni ile namba 3?

---

fundi_seva · saa 6:51

Ndio ni 3, na inaendana kabisa na foleni hiyo. Sasa tumjue ni nani anatuma. Kwenye Postfix kila aliyeingia kwa pasiwedi jina lake linaandikwa kwenye logi, yaani kumbukumbu za seva, kwa hiyo tunahesabu tu:

grep -o 'sasl_username=[^,]*' /var/log/mail.log | sort | uniq -c | sort -n

Mstari wa mwisho utakuwa na namba kubwa kuliko wengine wote. Tuambie ni anwani gani, usiiandike nzima hapa, taja kazi yake tu.

---

DadaViungo · saa 7:05 mchana

Ya uhasibu. Wengine wana 30, 40, 112, yeye ana 48,206. Kaka hii ni anwani ya mama mmoja mtu mzima anayeheshimika sana hapa ofisini, hawezi kufanya kitu kama hicho, namfahamu tangu niko shule ya msingi.

---

fundi_seva · saa 7:14

Sio yeye dada, na tafadhali mtu yeyote asimsemeshe vibaya. Pasiwedi yake imeibiwa au imebahatishwa. Angalia kwenye hiyo mistari ya logi kabla ya sasl_username kuna client= na IP, utakuta zinatoka nchi tano sita tofauti ndani ya saa moja, na mtu mmoja hawezi kuwa Chumbageni na mabara mengine matatu kwa wakati mmoja. Muulize kwa upole pasiwedi yake ilikuwa nini.

---

DadaViungo · saa 7:48

Ni kweli, IP ni za kila mahali. Na zilianza usiku wa kuamkia Jumapili, logi inasema 23:40 lakini seva inahesabu saa za Greenwich kwa hiyo kwetu ilikuwa saa nane na dakika arobaini usiku, watu wote tumelala. Pasiwedi yake ilikuwa jina la mji na mwaka. Aliyempa ni huyo ndugu yangu aliyefunga seva, akamwambia abadilishe, akaona anaweza kuisahau akaiacha. Mama amelia jamani. Nimemwambia kosa sio lake peke yake, sisi wote nane pasiwedi zetu zilitengenezwa kwa mtindo ule ule.

---

bi_mkubwa_bagamoyo · saa 8:10 mchana

Pole sana mwanangu, na huyo mama mpe pole zangu. Niko Bagamoyo, nina nyumba ya wageni njia ya kwenda Kaole, haya yalishanikuta ila mimi mlango wake ulikuwa mwingine na nakuambia ili usije ukapitia hapo ukishatoka hapa.

Mimi nilikuwa na daftari la wageni tangu 2011, kila anayelala anaandika jina na imeili yake kwa hiari. Mwaka mmoja, kabla ya Pasaka, biashara ilikuwa chini nikampa kijana daftari zote akaandika anwani zote kwenye kompyuta, zilifika elfu mbili na mia tatu, tukawatumia wote bei za sikukuu kwa siku moja. Siku ya pili hata mgeni aliyeniandikia mwenyewe kuuliza chumba nikimjibu haimfikii. Nikashangaa, hawa si wageni wangu, walinipa wenyewe, nimemkosea nani.

Kumbe anwani ikiachwa miaka mingi bila mwenyewe wengine wanaifunga, afu baadaye inafunguliwa tena kama mtego. Haina mtu, haijaomba barua ya mtu, kwa hiyo yeyote anayeiandikia anaonekana hana uangalifu na listi yake. Mimi niliandikia mitego sijui mingapi kwa siku moja. Afu zingine mwandiko haukusomeka, kijana akabahatisha herufi, hizo zikadunda kwa mamia, na kudunda kwa wingi nako kunakuharibia.

Nilikaa wiki tatu bila imeili inayoaminika. Nikaja kuwaandikia upya kidogo kidogo, hamsini kwa siku, nikianza na waliolala mwaka ule na uliopita, nawauliza tu kama wanataka kuendelea kupata habari zetu, asiyejibu namtoa. Nilibaki na watu mia nne na kidogo. Ila hao mia nne wanasoma.

---

mdau_wa_pongwe · saa 8:35

Mi naona hizi orodha zinatuonea sisi wa huku. Mimi niko na intaneti ya kawaida tu ya nyumbani nikajaribu kufunga seva yangu ya imeili, hata sijatuma barua moja tayari nipo kwenye listi. Kosa langu nini? Kuna orodha nyingine nilikuta imeweka kampuni nzima ya intaneti, yaani wateja wote, afu wanataka hela ukitaka utoke haraka. Hiyo ni haki?

---

fundi_seva · saa 9:12 alasiri

Mdau umeweka vitu viwili pamoja, kimoja uko sahihi na kimoja hapana.

Ya nyumbani ni PBL, ile niliyosema sio kosa. Hiyo ni orodha ya IP ambazo kwa kawaida hazitakiwi kupeleka barua moja kwa moja kwa seva ya mtu kupitia pota 25 (mlango ambao seva hupeana barua), yaani IP za majumbani, za simu, za rauta za ofisini, na mara nyingi kampuni ya intaneti yenyewe ndo inazitaja. Ziko humo za Uingereza, za Marekani, za kila nchi, haijaandikwa kwa ajili ya Mtanzania. Unachotakiwa ni kutuma kupitia seva ya imeili isiyo hapo nyumbani kwa pota 587 ukiwa na jina na pasiwedi, hapo PBL haikuhusu tena kwa sababu anayegonga mlango wa mpokeaji ni seva, sio nyumba yako.

Hiyo ya pili nakubaliana na wewe kwa moyo wote. Zipo orodha zinazoadhibu mtandao mzima kwa makosa ya wateja wachache, na kuchukua hela ya kuharakisha naona sio sawa hata kidogo, maana anayelipa ni yule asiye na kosa mwenye haraka. Ila kwa uzoefu wangu barua iliyodunda kwa sababu ya orodha za namna hiyo nimeiona mara chache sana. Watu wanaingia kwenye tovuti za kupima IP kwenye orodha themanini, wanaona nyekundu tatu, wanakosa usingizi, wakati hakuna mpokeaji wao hata mmoja anayezisikiliza hizo tatu. Soma barua iliyodunda. Jina la orodha lililoandikwa humo ndo lenye shida na wewe, hayo mengine achana nayo.

---

it_hospitali · saa 10:05 jioni

Naongezea upande wa wanaopokea, kwa sababu hili limetukuta kazini kwetu na sio mara moja. Ukifunga seva ukaweka orodha za kuulizia, lazima uzipitie kila mwaka, orodha zinakufa. Kuna ORDB ilifungwa Desemba 2006, watu hawakuitoa kwenye konfigi zao, Machi 2008 ikaanza kujibu ndio kwa kila IP itakayoulizwa, na wote walioisahau wakawa wanakataa barua zote. SORBS nayo imefungwa Juni 2024, mimi mwaka jana nimeikuta bado imeandikwa kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, ya taasisi moja. Ifute.

Dada, kuhusu Gmail hilo ni jambo jingine kidogo, kutoka Spamhaus peke yake hakutakurudisha kwenye kikasha. Google wana hesabu zao za ndani. Tangu Februari 2024 wao na Yahoo wamekaza, kila anayetuma lazima awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa domeini yake) au DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua), na IP iwe na jina la kurudi kwenye DNS linalolingana, na anayetuma kuanzia barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na vyote pamoja na DMARC, yaani maelekezo ya domeini kwa mpokeaji kuhusu barua isiyothibitika, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Nyie kwa kawaida hamfiki huko, ila hizo siku tatu za wahuni mmepita mbali kwa hiyo jina la domeini limechafuka na litachukua muda. Jitumie barua kwenye Gmail yako, ifungue, bonyeza vidoti vitatu uangalie chanzo cha ujumbe, juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC kama vimepita au vimeanguka.

Na Microsoft wana orodha yao wenyewe, ukidunda kwa Outlook au Hotmail hiyo unajaza fomu yao tofauti.

---

DadaViungo · Alhamisi, saa 3:20 asubuhi

Habari za asubuhi wote. Jana usiku ndugu yangu alipatikana, tukakaa naye kwenye simu mpaka saa sita usiku, mjomba naye alikaa pembeni anasikiliza.

Pasiwedi zote nane zimebadilishwa, ndefu, kila mtu ameandika yake kwenye karatasi kaenda nayo nyumbani. Zile za foleni tumefuta zote zilizotoka kwa jina la uhasibu, zilizobaki zilikuwa kumi na moja tu, za kwetu.

Ila tumekuta na tundu jingine ambalo hata hatukulitafuta. Ile skana yetu ya koridoni inayotuma nyaraka kwa imeili ilikuwa inatuma bila pasiwedi, na ili ikubaliwe ndugu yangu alikuwa ameandika kwenye mynetworks, orodha ya mitandao ambayo Postfix inaiamini bila pasiwedi, mtandao wetu wa intaneti. IP ya ofisi inabadilika badilika kwa hiyo aliandika mtandao wote, mwisho /16. Alipouona mwenyewe alinyamaza muda mrefu. Anasema hizo ni anwani 65,536, yaani mteja yeyote wa kampuni ile ya intaneti angeweza kutuma barua kupitia seva yetu bila kuulizwa chochote. Hatujaona mtu aliyelitumia, ila lilikuwa wazi miaka mitatu.

Tumelifunga, mynetworks imebaki 127.0.0.0/8, yaani seva yenyewe tu, na ile yake ya IPv6. Skana imepewa anwani yake na pasiwedi yake, inatuma kwa 587.

DKIM ilikuwa haipo kabisa, SPF ipo inapita. Anaweka DKIM leo. Sasa naweza kuomba kutolewa?

---

fundi_seva · saa 3:41

Hongereni sana, na huyo ndugu yako mpe pongezi, sio kila mtu anakubali kuonyeshwa konfigi yake. Ndio sasa omba. Ingia pale pale check.spamhaus.org, fuata maelekezo ya CSS, watakuuliza kilitokea nini, waandikie ukweli kwa kifupi, akaunti moja pasiwedi iliibiwa, imebadilishwa tarehe fulani, foleni imefutwa, usiandike hadithi ndefu. CSS ikikaa bila kuona uchafu mpya huwa inaisha yenyewe ila nyie mna kontena msisubiri.

Washa postfix, afu kaa uiangalie logi saa nzima kwa macho yako: tail -f /var/log/mail.log. Utaona wahuni wanaendelea kujaribu kuingia kwa jina la uhasibu wanaandikiwa authentication failed, usiogope, hayo ndo mambo tunayotaka kuyaona. Weka fail2ban iwafungie. Na kwa DNS ya seva acha kutumia 8.8.8.8, weka unbound, programu ya DNS ya kwenu wenyewe, hapo hapo ndani ya seva, itakusaidia na nyie mkitaka kuitumia zen kuchuja zinazoingia.

DMARC anza na p=none, yaani wapokeaji wasizuie kitu, ili upate ripoti kwanza, usikimbilie kukaza.

---

Mzee wa Barabara ya Nane · saa 4:02

Mwanangu na huyo mama wa uhasibu anaendeleaje?

---

DadaViungo · saa 4:15

Yupo mzee, amekuja kazini mapema kuliko sisi wote. Pasiwedi yake mpya ni ndefu kuliko za wote, amesema hataki kumwonyesha hata mjomba.

---

DadaViungo · Ijumaa, saa 5:38 asubuhi

Wapendwa, nimeangalia asubuhi hii tovuti inasema IP yetu haimo kwenye orodha. Saa nne na nusu nimemtumia tena mteja wa Hamburg invoisi na nyaraka zote, nikawa nimeshika simu mkononi nasoma logi, ikaja hivi:

status=sent (250 2.0.0 Ok: queued

Baada ya dakika ishirini watu wake wa malipo wamejibu wamepokea. Kontena linaingia bandarini mchana huu.

Gmail bado. Barua tatu za majaribio, moja imeingia kikasha, mbili spamu, DKIM sasa inapita. Nimewapigia wateja wetu wa Arusha na Nairobi nimewaomba waitoe kwenye spamu wenyewe na watujibu.

Yule fundi wa laki tatu na nusu alipiga tena jana jioni, mjomba akampa simu mama wa uhasibu aongee naye.